Je, mkulima “anakua” zabibu? Kitenzi cha Kiingereza “grow” na barua iliyorudi na wino mwekundu

“Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Tuko 24. Tuliandika barua ya kuomba msaada wa nguzo na waya, na kwa kuwa wafadhili ni wageni tukaiandika kwa Kiingereza. Imerudi imezungushiwa wino mwekundu, na karibu kote ni neno moja, ‘grow’. Tuliandika ‘We grow grapes’, hapo hawakugusa. Tukaandika ‘We also grow goats and local chickens’, wakakata. Kwenye maelezo yangu binafsi niliandika ‘I was grown by my grandmother in Mpwapwa’, wakakata. Tukaandika ‘We want to grow our group to 60 members’, wakaweka alama ya kuuliza. Halafu wao wenyewe kwenye majibu yao wameandika ‘farmers have grown tired of middlemen’. Mtu anakuaje kuchoka? Mwanangu wa kidato cha pili anasema grow ni kukua, basi, kwa hiyo hata ‘We grow grapes’ ni kosa, maana zabibu ndizo zinazokua, siyo sisi. Nani yuko sahihi? Barua inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi.”

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu sentensi hizo chache zinagusa karibu kila kona ya neno hili. Unachouliza hasa ni kimoja: mbona neno lilelile linakubalika kwa zabibu, linakataliwa kwa mbuzi na kwako mwenyewe, linatiliwa shaka kwa kikundi, kisha waliolikata wanalitumia kwa uchovu? Ukilitazama hivyo ni rahisi kudhani wasahihishaji wanajiamulia tu. Hapana. Wino wao una kanuni, ila hawakukueleza, na kumkatia mtu sentensi bila kumweleza ni kumwacha palepale alipokuwa.

Nianze na kijana, maana hoja yake ina uzito kuliko anavyojua. Darasani tuliimba sote: grow, grew, grown, kukua. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili utaiona jikoni. Umebandika sufuria, maji yanachemka. Wewe unachemsha maji. Kiswahili kimebadilisha mkia wa kitenzi: kuchemka ni kwa maji, kuchemsha ni kwako. Mlango unafunguka, wewe unaufungua. Kikombe kimevunjika, mtoto amekivunja. Sikio letu halivumilii kuchanganya hayo. Ukisema “ninachemka maji” hata mtoto mdogo atakusahihisha. Kiingereza hakina mkia huo. “The water boils” ni maji yanachemka, na “I boil the water” ni nachemsha maji. Kitenzi ni kilekile. Kinachotofautisha ni nani amekaa mbele yake, na kama kuna kitu kimefuata nyuma yake. Open inafanya hivyo, break inafanya hivyo, na grow pia. “Grapes grow well in Dodoma”: zabibu hustawi Dodoma. “We grow grapes”: tunalima zabibu. Zote mbili ni Kiingereza safi. Mwambie kijana kwamba amefikiri vizuri, ila amekipimia Kiingereza kwa rula ya Kiswahili.

Tazama pia kwamba hapo nimeandika “tunalima” na siyo “tunakuza”. Hilo lina kisa. Niliwahi kuombwa kuwatafsiria wageni waliokuja kuona mashamba ya upande wa Hombolo. Mgeni mmoja akamwuliza mzee mwenye shamba, “How long have you grown these vines?” Nikatafsiri kwa haraka, neno kwa neno: “Mzee, umeikuza mizabibu hii kwa muda gani?” Mzee akashusha mkasi wa kupogolea, akanitazama, akasema, “Mwanangu, mimi napogolea. Anayekuza ni Mungu.” Alikuwa sahihi kwa Kiswahili chake, na mgeni alikuwa sahihi kwa Kiingereza chake. Kosa lilikuwa langu mimi niliyesimama katikati. Ningemwuliza tu, “Umelima zabibu hapa miaka mingapi?”

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, na ukipashika pengine pote patafunguka. Kiswahili hutaja kazi ya mkono: kulima, kupanda, kupogolea, kufuga, kulea. Kila kiumbe kina kitenzi cha anayekihudumia. Grow haitaji kazi ya mkono kabisa. Inataja badiliko lenyewe, lile la polepole ambalo jicho halilioni likitokea: leo hivi, kesho vilevile, baada ya mwezi unashtuka. Mtu akikaa mbele ya kitenzi hicho, Kiingereza kinasema tu kwamba badiliko hilo linatokea chini ya uangalizi wake.

Kwa wakulima wa zabibu hili lina faida ambayo mkulima wa mtama haihitaji sana. Nimeona barua nyingi za Kiingereza kutoka mkoa huu zinazosema “We plant grapes every year”. Mgeni akisoma hivyo anaona watu wanaong’oa mizabibu kila mwaka na kupanda mipya. Anashangaa, na pengine anaanza kutilia shaka hesabu zenu za nguzo. Plant ni tendo la siku moja: unachimba shimo, unaweka kipando, unafukia, unamwagilia. Mtama na karanga hupandwa kila msimu, kwa hiyo “we plant sorghum in December” haina tatizo. Zabibu hupandwa mara moja ikakaa miaka mingi. Baada ya hapo ni kupogolea, mizabibu inachipua, inatoa maua, na kama miezi minne baadaye mnachuma. Kisha mnapogolea tena, na kwa hali ya hewa ya Dodoma mnachuma mara mbili kwa mwaka. Yote hayo, tangu kipando hadi kreti, ndiyo grow. Andikeni “We planted our first vines in”, mtaje mwaka, kisha “and have grown grapes ever since”. Sentensi hiyo moja inamwambia mfadhili kwamba nguzo atakazotoa zitasimama pale pale kwa miaka.

Na muandike “We grow”, msiandike “We are growing”. Kwetu “tunalima” inabeba yote mawili, kazi ya kila siku na jambo la sasa hivi. Kwa Kiingereza “we are growing grapes” inasikika kama mmejaribu msimu huu tu. Kazi ya kudumu ni “we grow”.

Sasa mbuzi. “We grow goats” ni kosa, na wino mwekundu hapo ulistahili. Mbuzi mwenyewe anaweza kukua, na “the kid is growing fast” ni sahihi kabisa kwa mwanambuzi anayekua haraka. Kisichowezekana ni mtu kukaa mbele na mbuzi kufuata nyuma. Chimbuko la neno linasaidia kuona kwa nini. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa cha mimea zaidi. Kina asili moja na grass, majani, na green, kijani. Watu na wanyama walikuwa na kitenzi chao kingine, wax, ambacho leo kimebaki karibu kwa mwezi tu, pale Waingereza wanaposema “the moon waxes”, mwezi mchanga unakua. Baadaye grow ikatanuka ikachukua watu, wanyama, miji na madeni. Lakini ile njia ya kumweka mtu mbele na kitu nyuma, kama “we grow grapes”, ilianza kutumika karne ya 18, tena kwa mazao. Mpaka leo haijatoka sana nje ya shamba. Inakubali kinachoota ardhini na kinachoota mwilini: mahindi, uyoga, maua, nywele, kucha, ndevu. Mnyama haikubali, mtoto haikubali.

Hapo kwenye ndevu tusimame kidogo, maana lugha zetu mbili zinapishana kwa namna ya kupendeza. Sisi tunafuga mbuzi na tunafuga ndevu, kitenzi kimoja. Mwingereza anatenganisha: “he is growing a beard”, anafuga ndevu, lakini “he keeps goats”, anafuga mbuzi. Kwa hiyo ukitaka kutafsiri kufuga, usikimbilie kamusi kwanza. Jiulize kinachofugwa ni nini. Kwa mifugo una keep na raise. Keep inasema unao na unawatunza: “We keep goats and local chickens.” Raise inabeba kulea tangu wadogo, na hufaa zaidi kama mnafuga ili muuze: “We raise chickens for sale.” Ipo pia rear, ambayo Waingereza huitumia sana kwa mifugo. Nyuki ni keep, bila mjadala: “we keep bees”. Kwa kikundi chenu ningechukua keep, kwa sababu mbuzi wenu, kama nilivyokuelewa, ni wa nyumbani na zabibu ndiyo biashara.

Sentensi ya bibi yako ndiyo iliyonigusa, na ndiyo ninayotaka uitengeneze kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu ni maisha yako. “I was grown by my grandmother.” Nyuma ya sentensi hiyo nasikia Kiswahili kizuri: nilikuzwa na bibi. Tatizo ni lile la mbuzi. Mtu hawezi kuwa grown na mtu mwingine. Msomaji anaona mche kitaluni. Kiingereza kinakupa njia mbili, na kila moja inasema kitu chake. Ukitaka bibi aonekane, yeye na jasho lake, sema “I was raised by my grandmother” au “I was brought up by my grandmother”. Hiyo ni nililelewa na bibi. Ukitaka mahali paonekane, sema “I grew up in Mpwapwa”. Hiyo ni nilikulia Mpwapwa.

Tazama Kiswahili kilivyofanya hapo. Kukua kumegeuka kuwa kukulia, na sauti l iliyokuwa imejificha imejitokeza, kama inavyojitokeza kununua kukiwa kununulia. Mkia huo mdogo unabeba maana ya “mahali fulani”. Kiingereza hakina mkia, kinaongeza kineno up. Up hiyo si pambo. “I grew in Mpwapwa” inamwacha msomaji akingoja: ulikua nini, kimo? Up inasema safari imefika, kwamba mtoto amekuwa mtu mzima. Ndiyo maana mti hauwi “grow up”, hata uwe mbuyu. Unakuwa “grow” tu, maana mti hauna utoto wa kuuacha. Ndiyo maana pia mtu akiambiwa “Grow up!” anaambiwa aache utoto. Na wakati uliopita ni grew, kamwe si “growed”, hata kama watoto wa Kiingereza wenyewe hupitia kosa hilo wanapojifunza kusema. Grow inakwenda pamoja na know, blow na throw: knew, blew, threw, grew.

Tufike kwenye alama ya kuuliza: “We want to grow our group to 60 members.” Hawakuikata, wameiuliza, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Hapa hata wenye lugha hawakubaliani. Kwa Mswahili haina shida yoyote, maana kukuza uchumi na kukuza mtaji tunasikia redioni kila siku. Kwa Kiingereza, kumweka mtu mbele na biashara au uchumi nyuma kulivuma sana miaka ya 1990, na wengi hukumbuka kampeni ya urais ya Bill Clinton ya mwaka 1992 kule Marekani, iliyozungumzia sana kukuza uchumi kwa maneno hayohayo, “grow the economy”. Walimu na wahariri wengi walikasirika. Kwao, mtu hukuza nyanya. Uchumi hukua wenyewe, na mtu anaweza kuupanua au kuuimarisha. Miaka imepita, na leo katika barua za biashara “grow the business” ni neno la kawaida. Hakuna atakayekukatalia mkopo kwa sababu yake. Lakini wapo wasomaji, hasa wenye umri, wanaokunja uso bado. Nikupe maoni yangu wazi: ninyi mnaomba, na anayeomba haandiki sentensi ambayo nusu ya wasomaji wataikunjia uso wakati ipo nyingine ambayo hakuna atakayeipinga. Andikeni “We want to expand our membership from 24 to 60.” Expand ni kupanua, na mnachopanua ni idadi ya wanachama. Kama mnapenda sana grow, kiacheni kikundi kikue chenyewe: “We want our group to grow from 24 members to 60.” Hiyo hakuna duniani atakayeikata.

Na kwa kuwa tumefika kwenye namba, kuna vineno viwili ambavyo vikikosewa vinaharibu hesabu nzima: by na to. Chukua mji wetu. Katika sensa ya mwaka 2012 Jiji la Dodoma, wakati huo likiwa bado Manispaa, lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Waweza kusema “The population grew to 765,179”, yaani ilifikia hapo. Au waweza kusema “The population grew by 354,223”, yaani iliongezeka kwa kiasi hicho. Ukiandika “grew by 765,179” umeongeza jiji zima la pili. Nanyi mkiandika “grow by 60” badala ya “grow to 60”, mfadhili atapiga hesabu za wanachama 84 na nguzo za watu 84. To ni kufikia, by ni kwa kiasi.

Wakati huohuo msiitumie grow kwa kila kinachoongezeka. Mauzo hukua, faida hukua, idadi hukua, mahitaji ya soko hukua. Bei haikui; bei hupanda, na Kiingereza nacho kinasema “prices rise” au “prices go up”. Joto vilevile ni rise, na kina cha bwawa ni rise. Usione ajabu kwamba wao wana kitenzi kimoja chenye kazi nyingi na mipaka ya ajabu. Sisi tunapanda mbegu, tunapanda basi, na bei inapanda, na hakuna hata siku moja umepanda mbegu ukadhani unaingia kwenye basi. Mgeni anayejifunza Kiswahili huteseka na kupanda kama wewe unavyoteseka na grow.

Nimebakiza lile lililokusumbua kuliko yote: mtu anakuaje kuchoka? “Farmers have grown tired of middlemen.” Hapo grow haina zao wala kimo. Imefuatwa na neno la hali, tired, na inapofuatwa na neno la namna hiyo maana yake ni kuwa, ila kuwa kwa kidogo kidogo. Grow old, kuzeeka. Grow dark, giza kuingia. Grow weak, kudhoofika. Wangeweza kuandika “farmers are tired”, wakulima wamechoka, taarifa ya leo tu. Walipoandika “have grown tired” wamesema kitu kikubwa zaidi na chenye huruma zaidi: kwamba uchovu huo haukuja jana, umejengeka msimu hadi msimu, kila dalali alipokuja zabibu zimeiva na kutaja bei yake. Waliisoma barua yenu vizuri. Kwa Kiswahili ningeitafsiri “madalali wamewachosha wakulima”, au nikitaka ile polepole ibaki, “wakulima wamezidi kuchoshwa na madalali”.

Kuzidi. Hicho ndicho kitenzi chetu kilicho karibu zaidi na grow ya namna hii, na kina ajabu ileile. Kiingereza husema “the queue grew shorter”, na mwanafunzi hulalamika: foleni inakuaje fupi? Lakini sisi wenyewe husema “foleni ikazidi kupungua”, na hatusikii mgongano wowote kati ya kuzidi na kupungua. Kiangazi kikiwa kirefu, maji ya bwawa la Hombolo huzidi kupungua: “the dam grows smaller”. Kwa hiyo ukikutana na grow iliyofuatwa na neno la hali, jaribu kuweka kuzidi, au “kidogo kidogo”. Ikikaa, umeelewa. Isipokaa, mwandishi amekosea au badiliko ni la ghafla. Mwenyekiti aliyechaguliwa Jumanne hawi “grew chairman”, ni “became chairman”, maana asubuhi hakuwa, jioni akawa.

Kuna kumbukumbu moja itakayokusaidia. Watu wengi siku hizi, wakiandika ujumbe wa simu, huandika “alikua mkulima” wakati wanataka “alikuwa mkulima”. Ni kosa la tahajia, na linaniumiza kila nikiliona, kwa sababu kukua ni kukua na kuwa ni kuwa. Maneno hayo mawili si ndugu, yanafanana sauti tu. Lakini grow imetembea safari hiyo kwa miguu yake: imeanza kwenye kukua ikafika kwenye kuwa. Kwa hiyo ukiiona grow, jiulize, hii ni kukua au ni kuwa? Ikifuatwa na kitu, ni mkulima kazini. Ikifuatwa na neno la hali, ni kuwa.

Ikifuatwa na kitenzi, ni kuja. Nilipohamia Dodoma, upepo wa mwezi wa nane na vumbi lake ulinifanya nihesabu siku za kuondoka. Sikuondoka. “I grew to love Dodoma”: nikaja kuipenda. Kiswahili kimechagua kuja, Kiingereza kimechagua kukua, na vyote viwili vinasema kwamba haikuwa siku moja. Na mtoto ambaye viatu vya shule vimemwia vidogo, Kiingereza humfanya yeye ndiye mtendaji: “he has outgrown his shoes”. Kama stoo yenu haiwatoshi tena, mnaweza kuandika “our group has outgrown its store”. Ni sentensi inayoeleza kwamba mnasonga mbele.

Kuna mahali pawili ambapo sitaki utegemee maelezo yangu wala kamusi. La kwanza, nomino growth. Katika barua ni ukuaji, na kwenye kadi ya kliniki ya mtoto ni ukuaji vilevile. Lakini “a growth”, ikiwa na hiyo “a” mbele, kwenye karatasi ya hospitali mara nyingi ni uvimbe au kinyama kilichoota mahali pasipotakiwa. Nimewahi kuona mtu akifurahia karatasi kama hiyo kwa kudhani ni habari ya afya kuimarika. Ukiipata karatasi ya namna hiyo, yako au ya ndugu, irudishe kwa daktari siku hiyohiyo akueleze kwa Kiswahili ni nini na hatua inayofuata ni ipi. Uvimbe mwingine si wa hatari kabisa, mwingine unahitaji haraka. Hilo si la kuamuliwa na mwalimu wa lugha.

La pili, mkataba. Mkikubaliwa, au mnunuzi akiwajia na mkataba wa Kiingereza, mtakuta neno “the Grower” kwa herufi kubwa, ukurasa baada ya ukurasa. Huyo Grower ni ninyi. Kila palipoandikwa “the Grower shall” ni jambo ambalo mmefungwa kulifanya: kiasi cha kupeleka, kiwango cha sukari kwenye zabibu, nani analipa usafiri, nani anabeba hasara zikikataliwa. Kujua maana ya neno hakutoshi hapo. Mpelekeeni afisa ushirika na afisa ugani wenu waukae nao, na ikiwezekana mwanasheria, aya kwa aya, kabla mtu yeyote hajaweka sahihi au dole gumba.

Sasa barua yenu. Sehemu hizo nne ningeziandika hivi:

“I grew up in Mpwapwa, where I was raised by my grandmother. Our group grows grapes in Mpunguzi; we also keep goats and local chickens. Over the years our members have grown tired of selling to middlemen. We want to expand our membership from 24 to 60.”

Sentensi ya madalali nimewarudishia, kwa sababu ni yenu kabla haijawa yao. Ongezeni mwaka mliopanda mizabibu ya kwanza, idadi ya nguzo na urefu wa waya. Kabla ya kuituma, isomeni kwenye kikao kwa Kiswahili, kisha kijana wako aisome kwa Kiingereza kwa sauti. Akifika “Our group grows grapes” akasita, mkumbushe sufuria ya maji.